Makala Yanayoishia Hewani: Joto la Nyumba katika Vilima vya Karuba

Kutoka Sake, karibu na Goma mashariki mwa Kongo, barabara ya Masisi huliacha ziwa mgongoni na kuanza kupanda. Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Karuba, Mushaki na vijiji vya jirani vimesimama juu zaidi, katika nchi ya malisho, viazi, maharage na mikaratusi, ambako vilima vingi huvuka mita 2,000. Kwa kawaida joto la hewa hupungua karibu nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 za kupanda. Usiku ambao Goma ina nyuzi 14, kijiji kilicho juu yake kwa mita 500 kina nyuzi 11 hivi, na katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, anga likiwa tupu bila wingu, baridi huzidi hapo. Mgeni aliyeambiwa kwamba Kongo ni nchi ya joto hulala na koti.

Baridi hiyo ina bei yake. Hakuna karatasi ya bili inayoletwa mlangoni. Vijiji vingi vya Masisi havina hata nguzo ya umeme. Bili hulipwa kwa gunia la makala, yaani mkaa, kwa mzigo wa kuni unaoshuka mgongoni mwa mama, kamba ikiwa imemkaza kipaji cha uso, na kwa saa ambazo binti yake angekuwa darasani. Kwa hiyo namna ya kulizuia joto lisitoroke nyumbani ni jambo zito Karuba kama lilivyo Brussels au Toronto. Majibu ndiyo yanayotofautiana.

Mwaka 2022, vita vya Urusi nchini Ukraine vilipopandisha bei ya gesi, Ulaya ilijifunza upya elimu ya kuziba nyumba: pamba ya kioo darini, madirisha ya vioo viwili, mipira ya kuziba pembe za milango. Familia za Kikongo zinazoishi Ubelgiji na Ufaransa zilipita katika somo hilo pamoja na majirani zao. Ni ushauri sahihi kwa nyumba yenye hita na bomba la kutolea moshi. Ukipandishwa Karuba kama ulivyo, unaweza kuua, kwa sababu hita ya huko ni mbabula, yaani jiko la makala, au mafiga, na moshi wake hauna bomba. Tena nyumba ni ya mbao au ya udongo, paa ni bati, na familia yenyewe huenda ikalazimika kuondoka kabla ya mavuno. Ndiyo maana inafaa kulifuata joto hatua kwa hatua, tangu lilipokuwa mti, ili ionekane linapotelea wapi zaidi.

Upotevu wa kwanza hutokea kabla gunia halijafungwa. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha, kisha hulinda tanuri lake kwa siku kadhaa. Tanuri la namna hiyo hutoa kilo moja ya makala kwa kilo tano hadi kumi za kuni, kutegemea ukavu wa mti na ufundi wa mwenyewe. Tuchukue saba. Kilo saba za kuni kavu zina nishati ya megajuli 110 hivi. Kilo moja ya makala ina megajuli 30. Karibu robo tatu ya joto la mti imekwenda na moshi, na bado hakuna aliyekula. Kuni zikiachwa zikauke majuma kadhaa kabla ya kuchomwa, mavuno hupanda. Yakiongezwa maarifa ya tanuri la Casamance, lililotoka Senegali na ambalo tofauti yake kubwa ni dohani linaloongoza hewa, yanapanda zaidi. Hata hivyo tanuri bora haliwezi kuondoa ukweli huu: mwenye miti yake shambani, anayepika kwa kuni kavu juu ya jiko zuri, hula mti mdogo kuliko anayechoma makala ili apikie nyumbani. Makala ni bidhaa ya mji, kwa kuwa ni mepesi kusafirisha na hayatoi moshi mwingi. Mkulima wa Karuba anayeiga jikoni mazoea ya Goma anajiongezea hasara.

Na Goma haishibi. Makala huifikia kwa lori, kwa pikipiki na kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedeli inayoteremka vilimani na mzigo mkubwa kuliko mwendeshaji wake. Mji umekua kwa mawimbi ya watu wanaokimbia. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka katika siku chache na kuwekwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na sufuria zao zikachemka kwa miti ya hifadhi. Mwaka huohuo UNESCO iliiingiza Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Julai 2007 gorila wa milimani walipigwa risasi humo ndani, na uchunguzi ukaelekea kwenye mtandao wa biashara ya makala. Mwaka huo pia shirika la WWF lilianza mradi wa EcoMakala, uliowasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kuni kwenye mashamba yao wenyewe ili hifadhi ipumue. Ni kazi njema. Lakini kupanda mti ambao robo tatu yake itapotea tanurini, na sehemu kubwa ya kilichobaki ikapotea jikoni, ni kujaza mtungi uliotoboka.

Jikoni ndipo palipo tundu la pili. Mbabula ya kawaida ni bati lililokunjwa na kutobolewa. Chuma hupokea joto la makala na kulimwaga pembeni. Mpishi hulihisi miguuni. Kwa mbabula ya namna hiyo, sehemu moja tu kati ya tano za joto la makala huingia kwenye sufuria. Mafiga matatu yanapopigwa na upepo yanaweza kufanya vibaya zaidi. Tiba yake ilipatikana Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale mafundi wa jua kali walipoanza kutengeneza jiko la kauri kwa kufuata wazo la jiko la ndoo la Thailand: gamba la bati lenye kiuno, na ndani yake kikombe cha udongo uliochomwa. Udongo hupitisha joto polepole kuliko chuma, hivyo moto hubaki mahali unapotakiwa. Matumizi ya makala hupungua kwa theluthi moja, na likitumiwa vizuri hukaribia nusu. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilisambaza rondereza, majiko ya udongo yanayobana moto wa kuni. Mafundi wa Goma nao wanajua kufunga kikombe cha udongo ndani ya bati. Kinachokwamisha ni bei ya siku ya kwanza: mama anayenunua makala kwa kopo, kila siku kopo lake, hana akiba ya kununua jiko litakalomwokolea makala ya mwaka mzima.

Tundu la tatu linasahaulika zaidi, nalo ni sufuria yenyewe.

Chukulia chungu cha maharage, chakula cha karibu kila nyumba ya Masisi. Kuchemsha lita tano za maji ya baridi hadi yatokote kunahitaji joto la megajuli 1.6 hivi. Kugeuza lita moja tu ya maji hayo kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.26. Maana yake ni kwamba kila lita moja inayotoka juu ya sufuria isiyo na mfuniko inakula moto mwingi kuliko ule ulioyachemsha maji yote mwanzoni. Juu ya mbabula inayoingiza sehemu moja kati ya tano, lita hiyo iliyopaa ni karibu gramu 380 za makala. Mpishi akiongeza maji mara mbili kabla maharage hayajalainika, amechoma zaidi ya nusu kilo ya makala kutengeneza ukungu jikoni. Mfuniko unaokaa sawasawa hugharimu kidogo sana, lakini sufuria nyingi za vijijini hazina, au ulipotea katika safari ya kukimbia na haukununuliwa tena.

Urefu wa mlima huongeza ugumu. Katika mita 2,000 maji hutokota kwa nyuzi 93 hivi, hayafiki 100, na maharage yaliyoiva pwani kwa saa mbili huchukua muda mrefu zaidi huku juu. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda huo kwa kiasi kikubwa bila gharama yoyote. Zaidi ya hapo, maharage hayahitaji moto mkali ili yaive. Yanahitaji kubaki katika joto. Yakishatokota, moto uliobaki unafanya kazi moja tu, kurudisha joto linalotoroka kwenye kuta za sufuria na kwa mvuke. Ukizuia utorokaji huo, moto unaweza kuondolewa.

Hapo ndipo kapu la kuhifadhi joto linapoingia. Kenya akina mama wamekuwa wakilitengeneza kwa kapu la kawaida lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, sufuria ikazamishwa katikati na kufunikwa kwa mto mnene. Afrika Kusini wazo hilo liligeuzwa kuwa mfuko wa kibiashara, Wonderbag, ulioanzishwa na Sarah Collins mwaka 2008. Kanuni ni ileile: hewa iliyotulia ndani ya kitambaa au majani haipitishi joto kwa urahisi. Maharage yaliyolowekwa, maji ya kuloweka yakamwagwa, yakachemshwa kwa nguvu kwa nusu saa na kuingizwa kapuni yakiwa yanatokota, huendelea kuiva kwa saa kadhaa bila kaa hata moja. Ile nusu saa isikatwe, kwa sababu maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli tu. Yakiingizwa kapuni mapema huumiza tumbo. Kapu haliwezi kusonga bugali wala kukaanga, na linamtaka mpishi apange chakula cha jioni tangu mchana. Kwa maharage, mahindi ya kuchemsha, wali na viazi, hakuna chombo cha bei nafuu kinachookoa moto kiasi hicho.

Lakini wanawake wa vilimani wana hoja ambayo wataalamu wa majiko hawaisikilizi vya kutosha. Jioni, moto wa kupikia ndio moto wa kuota. Watoto hukusanyika pembeni yake, nguo zilizolowa mvua hukaushwa juu yake, wazee hukalia viti vyao karibu yake. Jiko linalofungia joto lote ndani ya sufuria linawaacha watu na baridi. Mradi unaopunguza moto bila kuitazama nyumba utaona majiko yake mapya yakikaa kona, na mafiga yakiwashwa tena ifikapo saa moja ya usiku. Basi lazima nyumba ishike joto kidogo lililopo.

Nyumba hiyo ina hita ambayo haihesabiwi: watu wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Wazazi wawili na watoto wanne katika chumba kimoja wanatoa zaidi ya wati 300 usiku kucha, na hawanunuliwi makala. Kazi ni kuzuia joto hilo lisipande na kutoka.

Mahali linapotokea zaidi ni paani. Bati lenye unene usiofika nusu milimita halizuii chochote. Usiku wa anga tupu, bati hulimwaga joto lake juu hadi likawe baridi kuliko hewa inayolizunguka. Pumzi za waliolala na mvuke wa jikoni hugusa bati, hugeuka matone na kudondokea kitandani. Paa la nyasi la mababu, kwa unene wake, lilihifadhi joto vizuri zaidi, ingawa lilishika moto na kuvuja. Hakuna anayeshauri kurudi kwenye nyasi. Kinachohitajika ni dari: mikeka, mianzi iliyopasuliwa, magunia yaliyoshonwa pamoja, au tripleksi kwa mwenye uwezo, ikiachwa nafasi ya hewa iliyotulia kati yake na bati. Dari jepesi tu linaweza kupunguza kwa nusu au zaidi joto linalopita juu. Liwekwe juu ya chumba cha kulala, mbali na mahali pa moto, kwa sababu mkeka mkavu juu ya mafiga ni hatari ya wazi.

Kuhusu kuta, wengi huona mbao kuwa ndizo chanzo cha baridi. Zinaonewa. Ubao wa sentimita 2.5 usio na upenyo huzuia joto karibu sawa na ukuta wa udongo wa sentimita 15. Ubaya uko kwenye nyufa: ubao mbichi ukikauka hujikunja, na kati ya ubao na ubao hubaki nafasi ambayo upepo wa saa tisa usiku hupita bila kubisha hodi. Udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, ukisilibwa kwa ndani, huziba nyufa hizo. Katoni za biskuti na magazeti yaliyogandishwa kwa uji wa muhogo hufanya hivyo kwa muda mfupi. Ukuta wa udongo una faida nyingine, nayo ni uzito: hunywa joto la jua mchana na kulirudisha taratibu usiku. Nyumba ya mbao hupoa mara jua linapozama.

Sakafu nayo ina dai lake. Anayelala chini hupoteza joto kwa ardhi kwa kila sehemu ya mwili inayoigusa, na blanketi la juu halimsaidii huko. Godoro, au hata tabaka nene la majani makavu chini ya mkeka, juu ya kitanda kilichoinuliwa kidogo, mara nyingi ni bora kuliko blanketi la pili.

Sasa turudi kwenye hatari iliyotajwa mwanzoni. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Nyufa zinazowatia watu baridi usiku ndizo pia zinazowaokoa. Familia ikisiliba kuta, ikaweka dari, ikafunga dirisha na kuingiza mbabula chumbani ili ilale na joto, inaweza isiamke. Kuni nazo zina moshi wake: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto wengi wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo utaratibu haugeuziki. Kwanza moto utengwe na chumba cha kulala, kwa banda la jikoni au kwa ukuta wenye tundu la moshi juu. Kisha chumba cha kulala ndicho kizibwe.

Kuna jambo jingine linalopanga orodha hii, nalo haliko katika vitabu vya fizikia. Mwishoni mwa Februari 2023, mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi wa M23 yalifika Mushaki na Karuba, na maelfu ya watu wakashuka Sake na Goma. Wengi waliishia kwenye kambi kama Bulengo na Lushagala, ndani ya vibanda vya miti na turubai, juu ya ardhi ya mawe ya volkano. M23 ilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi zikavunjwa katika majuma yaliyofuata na watu wakaambiwa warudi makwao, wengine kwenye nyumba zilizong'olewa mabati, milango na mbao. Nani atasiliba kuta nne kwa ajili ya atakayeziteka?

Mashirika mengi hupima teknolojia kwa makala inayookoa kwa mwaka. Katika Masisi lazima ipimwe pia kwa swali moja: je, inabebeka kichwani? Mfuniko unabebeka. Kapu la joto linabebeka, na njiani linabeba nguo. Jiko la kauri linabebeka kwa uangalifu, ingawa kikombe chake huvunjika. Dari la mikeka linakunjwa. Rondereza iliyojengwa sakafuni na ukuta uliosilibwa vinabaki nyuma. Kwa mtazamo huu, vitu vidogo vinavyodharauliwa na wafadhili ndivyo vinavyostahili kutangulia, na bahati njema ni kwamba ndivyo vinavyoziba tundu kubwa zaidi kwa kila faranga.

Umeme utakuja kubadilisha hesabu, kwa wale utakaowafikia. Kituo cha Matebe katika Rutshuru, kilichozinduliwa Desemba 2015 na kinachozalisha megawati 13 hivi, kimeonyesha kwamba mito ya Virunga inaweza kuwasha Goma bila kukata mti. Tanzania, kwa mkakati wake wa miaka 2024 hadi 2034, imejiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia, na sufuria za presha za umeme ni sehemu ya mazungumzo hayo. Sufuria hizo hutumia umeme kidogo kwa sababu zilezile za kapu: zimefunikwa kabisa, na kuta zake zinazuia joto. Aliyezoea kapu leo hatashangazwa na sufuria hiyo kesho. Ila nyaya hufuata amani, na Karuba haiwezi kuambiwa isubiri vyote viwili huku sufuria ikiwa wazi.

Kwa hiyo orodha ya Karuba inaanzia jikoni: mfuniko, kuloweka, kapu, jiko lenye kikombe cha udongo. Kinachofuata ni kitanda kilichoinuliwa na dari juu ya chumba cha kulala, moto ukiwa umekwishahamishwa. Kuta ni za mwisho, kwa mwenye uhakika wa kuvuna msimu ujao. Mashirika yanayogawa sufuria kwa familia zinazorejea Masisi yaongeze mfuniko kwa kila sufuria na kitambaa cha kushona kapu. Na vikundi vya kuweka akiba, ambavyo tayari vipo katika vijiji vingi vya Kivu, vikopeshe bei ya jiko na kuacha mama alipe kidogo kidogo kwa makala aliyookoa. Nawe msomaji, popote ulipo penye baridi na jiko la makala, usiku wa leo litoe nje kabla hujafunga mlango.